Maktaba Inayoweza Kusema "Hatuna"

Alikuja dawatini kwangu mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mkononi ana karatasi moja iliyochapwa vizuri. Akaniamkia, nikamwitikia, akaketi. Akaniambia kwa unyenyekevu kwamba kwa siku mbili ametafuta makala zilizoorodheshwa katika karatasi ile, katika katalogi yetu na katika kanzidata zote anazozijua, na hajaona hata moja. Msimamizi wake anazitaka Ijumaa, na siku ile ilikuwa Jumatano. Orodha ilikuwa na marejeo 11. Mada yake ilikuwa kilimo cha mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja, na hasa afya ya wanawake wanaoshinda majini wakifunga mbegu kwenye kamba.

Nilipoisoma ile orodha sikuona kasoro. Kila rejeo lilikuwa na jina la mwandishi, mwaka, kichwa cha makala, jina la jarida, juzuu, toleo, kurasa, na mwishoni namba ya DOI, ile inayoitambulisha makala mtandaoni. Majina mawili niliyafahamu: ni ya watafiti wa kweli walioandika juu ya mwani kwa miaka mingi. Jarida mojawapo ni la kweli pia. Nikaanza na rejeo la kwanza, nikaingiza namba ya DOI, ikanipeleka kwenye makala ya kemia isiyohusiana na bahari kwa lolote. La pili halikufunguka. Kwa rejeo la tatu nilifungua juzuu lenyewe la jarida na kuangalia yaliyomo: juzuu lipo, toleo lipo, lakini kurasa zilizotajwa zimo katikati ya makala ya mtu mwingine kuhusu samaki. Nilipofika la tano chakula cha mchana kilikuwa kimeshanipita, nikamwuliza, "Mwanangu, hii orodha umeitoa wapi?" Akajibu bila kusita, "Nimeiuliza ChatGPT, mwalimu." Aliitaja programu hiyo ya kujibu maswali kama mtu anavyotaja duka alilonunulia sukari.

Nimekuwa mkutubi wa marejeo katika maktaba ya chuo kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimebeba pia kazi ya kuwafundisha wanafunzi wapya namna ya kutafuta taarifa, kuipima na kuitumia. Ndiyo maana siku ile sikuumizwa na mashine; niliumizwa na zile siku mbili. Binti yule hakuwa mvivu. Alifuata hatua kwa hatua yale tuliyomfundisha katika wiki ya mapokezi: chukua rejeo, nenda kwenye katalogi, kisha kwenye kanzidata, ukikwama mwone mkutubi. Hatukumwambia kwamba rejeo lenyewe linaweza kuwa halijawahi kuwapo duniani, kwa sababu kabla ya ChatGPT kufunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022 sisi wenyewe hatukuwa na sababu kubwa ya kuliwaza jambo hilo. Marejeo mabovu yalikuwapo, tena mengi: mwaka uliokosewa, jina lililoandikwa nusu, kurasa zilizosahauliwa. Ila nyuma ya rejeo bovu kwa kawaida kulikuwa na kitu, na raha ya kazi yetu ilikuwa kukifuata kitu hicho mpaka kilipojificha.

Darasani sasa huwa naeleza kwa mfano wa kanga. Mchukue mtu aliyesoma majina ya kanga elfu kumi, kisha umwombe akupe jina la kanga juu ya jirani mwenye husuda. Atakupa papo hapo, lenye mizani yake na kijembe chake, na hakuna atakayemwita mwongo eti kwa kuwa kanga hiyo haijawahi kuchapwa kiwandani. Programu hizi nazo zimelishwa maandishi mengi mno, zikajifunza neno gani huelekea kufuata neno gani. Ukiziomba rejeo juu ya mwani, hutunga kitu chenye umbo la rejeo juu ya mwani. Haziendi kwenye rafu yoyote kulichukua. Siku hizi baadhi yake zimeunganishwa na injini za utafutaji, huleta viungo vya kweli, na kosa la aina hii limepungua. Lakini hata hapo zinaweza kukuletea makala iliyopo na kuisemea jambo ambalo haikulisema, na hilo ni gumu zaidi kuligundua kuliko rejeo la hewani, kwa sababu linamtaka mtu asome makala yenyewe.

Wanafunzi wa sheria huwa nawasimulia kesi ya Mata dhidi ya Avianca, iliyosikilizwa New York mwaka 2023. Mawakili wa mlalamikaji waliwasilisha mahakamani hoja zilizotegemea kesi sita ambazo hazikuwahi kutokea, zote zikiwa zimetungwa na ChatGPT. Mmoja wao alikuwa ameiuliza programu ileile kama kesi hizo ni za kweli, ikamhakikishia kwamba ni za kweli. Jaji aliwatoza faini ya dola 5,000. Wanafunzi hucheka sana wakisikia hapo pa kumwuliza mshtakiwa kama anasema kweli. Kisha nawauliza ni wangapi kati yao wamewahi kufungua rejeo walilolinakili kutoka kwenye tasnifu ya mtangulizi wao kabla ya kulitia kwenye tasnifu yao, na kicheko hukatika ghafla.

Jina la somo lenyewe linatusumbua. Wengine huliita ujuzi wa taarifa, wengine umahiri wa taarifa, na katika warsha nyingi watu huchoka kubishana wakabaki na jina la Kiingereza. Hata chombo chenyewe kina majina mengi: Tanzania tumezoea kusema akili mnemba, wenzetu wa Kenya wengi husema akili bandia, na wapo wanaopenda akili unde. (Wanafunzi wangu kutoka Unguja hutabasamu kila nikitaja akili mnemba, kwa kuwa kwao Mnemba ni kile kisiwa kidogo kilicho ng'ambo ya Matemwe.) Mimi nimeshika umahiri wa taarifa. Aliyeanzisha istilahi hiyo kwa Kiingereza, mwaka 1974, ni Paul Zurkowski, na watu hushangaa wakiambiwa kwamba hakuwa mkutubi: alikuwa kiongozi wa chama cha kampuni za Marekani zilizofanya biashara ya taarifa, na alichokiwaza ni wafanyakazi wanaojua kutumia vyanzo vya taarifa katika kazi zao. Wakutubi waliidaka baadaye. Mwaka 1989 kamati ya chama cha maktaba cha Marekani ilitoa maelezo ambayo mpaka leo yamo katika vitini vyetu, kwamba mwenye umahiri huu hutambua lini anahitaji taarifa, akajua kuipata, kuipima na kuitumia. Tamko la Alexandria, lililotoka katika mkutano wa kimataifa wa mwaka 2005, likaenda mbali zaidi na kuuita umahiri huo haki ya msingi ya binadamu katika ulimwengu wa kidijitali.

Katika kupima ndipo tulipokwama. Mwaka 2004 mkutubi mmoja wa chuo kikuu cha jimbo la California kilichoko Chico, Sarah Blakeslee, alitunga orodha ya mambo matano ya kuliuliza andiko lolote: je, ni la lini, linahusiana na unachotafuta, nani mwenye mamlaka ya kulisema, ni sahihi, na limeandikwa kwa kusudi gani. Orodha hiyo ilisambaa duniani kote kwa sababu ni rahisi kuikumbuka na rahisi kuisahihisha katika mtihani. Mimi niliitafsiri, nikaichapa kwenye bango la njano, nikalibandika ukutani juu ya kompyuta za wanafunzi, na kwa miaka mingi nililionea fahari bango lile. Nimelibandua. Ubovu wake ni kwamba majibu ya maswali yale mwanafunzi huyatafuta ndani ya andiko lilelile analolipima: anaangalia tarehe, anaangalia jina la mwandishi, anaangalia kama kuna marejeo chini, anaangalia kama lugha ni ya kitaalamu. Mashine inavitoa vyote hivyo bila jasho. Ile orodha ya mwani ingepita mtihani wa bango langu kwa alama za juu kabisa.

Kwa kweli tulionywa mapema. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa chuo kikuu cha Stanford waliwachukua watu 45, yaani wanahistoria 10 wenye shahada za uzamivu, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa Stanford, wakawaketisha mbele ya tovuti na kuwaomba waseme zipi ni za kuaminika. Zoezi mojawapo lilikuwa la tovuti mbili za madaktari wa watoto: moja ya chama kikubwa cha taaluma hiyo nchini Marekani, nyingine ya kikundi kidogo kilichojitenga kwa sababu za msimamo wa kijamii, chenye jina linalofanana na la kwanza. Wengi wa wanafunzi, na hata baadhi ya wanahistoria, walisoma ukurasa kwa makini kutoka juu hadi chini, wakavutiwa na nembo na mpangilio, wakapotea. Wahakiki wa habari walikaa kwenye ukurasa kwa muda mfupi tu, wakafungua kurasa nyingine pembeni kuuliza hawa ni nani na wengine wanawasemaje. Nilipousoma utafiti ule niliusifu, nikautia katika kitini changu, kisha nikaendelea kufundisha kwa bango. Ndivyo tulivyo.

Niliyejifunza kwake namna ya kulifundisha jambo hili hakuwa mtaalamu kutoka ng'ambo. Alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza, ametoka Pemba, ambaye katika kipindi kimoja, nilipokuwa nahangaika kueleza kwa nini tunanukuu, aliinua mkono akasema, "Mwalimu, hii si ndiyo isnadi?" Nikamwomba aje mbele awaeleze wenzake. Akaeleza kwamba chuoni kwao, yaani madrasa, kabla ya kufika chuo kikuu, walifundishwa kuwa hadithi ya Mtume haipokewi kwa uzuri wa maneno yake pekee. Hutangulizwa mlolongo wa wapokezi, fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani, na wanazuoni waliandika vitabu vizima vya kuwachunguza hao wapokezi mmoja mmoja: aliishi lini, alikutana kweli na huyo anayedai kumsikia, alikuwa na kumbukumbu nzuri, alipata kusema uongo. Mlolongo ukikatika mahali, hadithi hushuka daraja hata kama maneno yake ni matamu. Iko sahihi, iko hasani, yaani nzuri, iko dhaifu, na iko ya kuzuliwa.

Darasa zima, Waislamu kwa Wakristo, lilielewa kwa dakika kumi jambo ambalo mimi nilikuwa nikilieleza kwa slaidi 40. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza juu ya dai lolote ni moja: nani amelipokea kwa nani? Na hapo wanafunzi wanaona wenyewe kile programu ile isichonacho. Jibu lake ni maneno mazuri yasiyo na wapokezi. Limesagwa kutoka kwa maelfu ya waliosema, na hakuna hata mmoja wa kumfuata nyumbani kwake kumwuliza. Naongeza tahadhari moja, kwa kuwa vijana ni wepesi wa kukumbatia mfano mzima mzima: wanazuoni wa hadithi walipima watu waliokwisha kuitwa wapokezi, na sisi tunapima pia majarida, watangazaji, serikali na kampuni, ambako maslahi ya fedha huingia kwa milango mingine. Lakini mlango wa kwanza ni huo.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la Vita vya Majimaji. Naweka mezani vitabu vya historia visivyokubaliana juu ya idadi ya waliokufa kati ya 1905 na 1907: kuna vinavyotaja 75,000, kuna vinavyotaja kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti hiyo si ya kalamu kuteleza. Nawapa wanafunzi saa nzima kutafuta jibu la swali moja, aliyehesabu alikuwa nani? Wanagundua kwamba idadi ndogo inafuata hesabu za utawala wa Kijerumani, ambao ndio ulioteketeza mashamba na maghala, na kwamba idadi kubwa inaingiza waliokufa kwa njaa na maradhi baada ya bunduki kunyamaza, na inatokana na kazi ya wanahistoria wa baadaye kama Gilbert Gwassa. Wanagundua pia kwamba mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, vijana wa rika lao, walitumwa katika maeneo ya vita kuwahoji wazee na kuandika walichoambiwa pamoja na majina ya waliowaambia. Kisha nawaruhusu watoe simu. Kundi moja huambiwa 75,000, kundi la pili 300,000, la tatu hupewa jibu la kati na kati lisilo la mtu yeyote, kutegemea walivyouliza. Hakuna kundi lililodanganywa hasa, na ndiyo sababu zoezi hili ni bora kuliko lile la marejeo ya uongo: hapa mwanafunzi anaona kwamba hata namba inayopatikana kwenye vitabu vya kweli ina mwenyewe, na kwamba kumfuta mwenyewe ndiko kunakoiharibu.

Nasema haya nikijua vijana hawa wametoka wapi. Shule nyingi za sekondari nilizozitembelea maktaba yake ni kabati, kabati lina kufuli, na ufunguo uko kwa makamu mkuu wa shule, ambaye ameenda kwenye semina. Mwanafunzi husoma kwa notisi za ubaoni, hukesha na mitihani iliyopita, na hufaulu kwa kurudisha kwenye karatasi yale aliyopewa. Hajawahi kuona vitabu viwili vikigombana. Anapofika chuoni na kukuta kifaa kinachompa notisi papo hapo, kwa heshima, bila kumkaripia, juu ya jambo lolote, anakitambua mara moja: ni mwalimu yuleyule aliyemzoea, ila huyu hachoki. Sisi tunamlaumu kwa kukiamini, ilhali miaka 11 au 13 ya shule ilimfundisha kwamba chanzo ni kimoja na kazi yake ni kunakili.

Kuna na jambo la Kiingereza, ambalo naona halisemwi vya kutosha. Mtoto wa shule ya serikali hapa Tanzania Bara kwa kawaida husoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha anageuziwa Kiingereza kidato cha kwanza, na tangu hapo Kiingereza kilichonyooka kinakuwa ndicho kipimo cha mtu aliyesoma. Mashine hii inaandika Kiingereza kilichonyooka kuliko cha wahadhiri wengi, mimi nikiwamo. Inapata mamlaka ya bure kwa njia hiyo. Kwa hiyo nimebuni mchezo: nawaambia wanafunzi waiulize kwa Kiingereza historia ya kata au kijiji walichozaliwa, kisha waiulize kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza huandika aya tatu za kupendeza, na msichana mmoja wa Mafia alisoma jibu lake kwa sauti mpaka alipofika kwenye mto mkubwa unaopita kijijini kwao, akanyamaza, akasema, "Kwetu hakuna mto." Kwa Kiswahili, ngeli huvunjika hapa na pale, neno la Kenya linakaa ubavuni mwa neno la vitabuni, na darasa linaanza kunung'unika na kusahihisha. Ghafla wamekuwa wakaguzi. Nawauliza kwa nini hawakunung'unika walipokuwa wakisoma Kiingereza, na hapo mazungumzo huwa ya kweli hasa.

Sitaki nieleweke kwamba nawakataza. Niliwahi kukataza, muhula mmoja, na kilichotokea ni kwamba waliitumia bila kuniambia. Siku hizi nawafundisha kuitumia pale inaponifaa hata mimi, yaani katika kutafuta maneno. Mwanafunzi wa mwani anajua neno mwani, na labda anajua kwamba kwa Kiingereza kuna neno lake la kawaida. Hajui kwamba wataalamu wa baharini huandika kwa majina ya Kilatini kama Eucheuma denticulatum na Kappaphycus alvarezii, wala kwamba sokoni aina hizo huitwa spinosum na cottonii. Programu itampa majina hayo kwa sekunde chache, na akiyapeleka kwenye kanzidata atapata vitu ambavyo asingevipata kwa siku nzima. Neno likiwa na kosa, kanzidata itamwambia. Ni matumizi mazuri kwa sababu kuna mahali pengine pa kuhakikisha.

Wahadhiri nao wana ombi lao kwetu. Wanataka maktaba inunue programu ya kuwabaini wanafunzi walioandikiwa kazi na mashine, tuwe kama askari wa mlangoni anayepekua mabegi. Nimepinga katika vikao, na nitaendelea kupinga. Kampuni iliyotengeneza ChatGPT yenyewe iliwahi kutoa chombo cha kutambua maandishi ya mashine, ikakiondoa Julai 2023 kwa sababu hakikuwa na usahihi wa kutosha. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walijaribu vyombo saba vya namna hiyo kwa insha 91 za watahiniwa wa Kiingereza ambacho si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo, zilizoandikwa na watu kwa mikono yao, zilihukumiwa kuwa za mashine. Msamiati mdogo na sentensi za kawaida ndivyo vilivyowaponza. Ukitazama ni nani anaandika Kiingereza cha namna hiyo, utaona kwamba ni wanafunzi wetu karibu wote. Mhadhiri anayetaka kujua kama mwanafunzi ameandika mwenyewe amwite, amwulize kuhusu rejeo la nne. Dakika tano zinatosha.

Lakini pia tuseme kweli juu ya maktaba. Tumejifanya wagumu. Tuna kanzidata nzuri, nyingine tunazipata bure au kwa bei ndogo kupitia mpango wa kimataifa wa Research4Life, na ili mwanafunzi azifikie lazima awe na neno la siri ambalo mara nyingi limeandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya droo ya mtu aliye likizo. Katalogi yetu ukikosea herufi moja hukujibu kwamba hakuna matokeo, wala haikuulizi kama ulimaanisha kitu kingine. Wakati wa mitihani tunafunga saa nne usiku, na wenye bando hubaki na simu zao. Kijana aliyekwama saa sita usiku, anayeogopa kumwudhi msimamizi na kuona haya kuniuliza mimi swali analodhani ni la kijinga, amepata pa kuulizia pasipo na haya. Kuuliza si ujinga, tunawaambia hivyo tangu chekechea, kisha tunawakunjia uso wakiuliza. Semina ya saa moja katika wiki ya mapokezi, watu 300 katika ukumbi mmoja, kipaza sauti kibovu, haikuwahi kumfundisha mtu umahiri wa taarifa hata kabla ya mashine hizi. Nilichofanikiwa kukipata baada ya kuomba kwa miaka miwili ni vipindi vinne ndani ya kozi ya mbinu za utafiti, pamoja na mhadhiri wa kozi, kazi ikiwa na alama. Ni vichache. Vinne vyenye alama vinawafikia kuliko mabango 20.

Katika kipindi cha nne huzungumzia gharama, na huwa natoka nje ya mtaala kidogo. Januari 2023 jarida la TIME lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba wafanyakazi wa Kenya, kupitia kampuni ya mkataba, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kubandika alama kwenye maandishi ya ukatili na udhalilishaji wa kutisha, ili ChatGPT ijifunze kutoyatoa. Baadhi yao walieleza namna kazi ile ilivyowaumiza akili. Wanafunzi wangu, ambao wengi wana ndugu Nairobi au Mombasa, husikiliza kwa ukimya ambao sijauona nikifundisha mada nyingine. Walidhani chombo hiki kimetoka mbali, hakijaguswa na mkono wa mtu. Mmoja aliniuliza kama jina la wafanyakazi hao limeandikwa mahali popote ndani ya programu, kama tunavyoandika shukrani mwanzoni mwa tasnifu.

Nimrudie binti wa mwani. Jumatano ile tuliyaweka kando marejeo yote 11, tukaanza upya. Tulipata makala za kweli, si nyingi: za historia ya kilimo hicho tangu kilipoanza kibiashara mwaka 1989 katika vijiji kama Paje na Jambiani, za kufa kwa cottonii kutokana na maji kupata joto, na moja nzuri ya mwaka 2012 inayohusu hasa afya ya wanawake wanaolima. Kisha akaniambia anachokitaka hasa. Shangazi yake ni mmoja wa waliohamia kulima kwenye maji ya kina kirefu zaidi, kwa kuwa kwenye maji mafupi mwani unakufa, na wengi wa wanawake hao hawajui kuogelea. Alitaka kujua ni nini kimeandikwa kuhusu miili yao tangu wahame: mgongo, macho, hofu. Tulitafuta Jumatano jioni na Alhamisi nzima, kwa maneno yote tuliyoweza kuyafikiria, Kiswahili na Kiingereza na yale ya Kilatini, katika kila kanzidata yenye neno la siri lililokuwa likifanya kazi. Mwishowe nikamwambia, "Hatuna."

Aliduwaa. Ile programu ilikuwa imempa marejeo 11 juu ya swali hilohilo, na mimi mkutubi mwenye jengo zima la vitabu nilikuwa namwambia hakuna. Ilinichukua muda kumweleza kwamba hilo ndilo jibu lenye thamani kuliko yote aliyoyapata wiki ile. Rafu tupu ni taarifa, maadamu mtu ameipekua kwa utaratibu. Mtafiti anayeweza kusema nimetafuta mahali hapa na hapa, kwa maneno haya, tarehe hii, na sikuona, ameonyesha mahali ambapo kazi yake inaanzia. Programu ilimnyima hilo. Ililijaza pengo kwa karatasi za hewani, na kama siku mbili zile asingezisumbukia, angeandika kwamba suala la shangazi yake limeshachunguzwa vya kutosha na watu 11.

Ijumaa alikwenda kwa msimamizi wake na ukurasa mmoja na nusu: marejeo sita, na jedwali la maneno aliyotafutia, mahali alipotafuta, na tarehe. Aliporudi aliniambia mzee wa watu alikaa nalo jedwali lile muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa na kazi yake yoyote, akamwuliza tu ni lini anaweza kupanda boti. Tasnifu yake ipo sasa kwetu, ghorofa ya pili, imejaladiwa kwa rangi ya buluu. Ukiifungua nyuma utaona orodha fupi ya marejeo, na chini yake mistari 14 inayofanana karibu yote: mahojiano na mwandishi, Jambiani, tarehe, na saa ya maji kupwa.